Fomeka ya Jikoni Imechakaa: Je, Yafaa Kupakwa Rangi?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Tanga. Kaunta ya jikoni kwetu imebandikwa fomeka tangu nyumba ilipojengwa. Sasa imefifia, ina alama za visu, na ukingo wake karibu na sinki umebanduka. Fundi ananishauri nivunje yote niweke graniti, jambo ambalo kwa sasa siliwezi. Je, nikiipaka rangi itadumu, au nitapoteza fedha bure?

JIBU: Dada yetu, fomeka hupakwa rangi na ikakaa miaka kadhaa, lakini kabla hujanunua hata kopo moja, chunguza ubao ulio chini yake. Fomeka yenyewe ni tabaka za karatasi zilizoloweshwa gundi maalumu na kugandamizwa kwa joto kali, nayo haipitishi maji kwa urahisi. Ubao wake, hata hivyo, mara nyingi ni chipbodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ambayo ikishakunywa maji huvimba na hairudi tena ilivyokuwa. Bonyeza kwa kidole gumba pale palipobanduka, kisha fungua kabati upapase kwa chini kuzunguka sinki. Pakibonyea au pakimomonyoka, hakuna rangi itakayopaponya: mwombe seremala akate sehemu hiyo peke yake na kuweka plaiwudi, gharama ambayo bado ni ndogo kuliko ya kuvunja jiko zima. Pakiwa pakavu na pagumu, kwangua gundi ya zamani, paka gundi ya fomeka pande zote mbili, subiri hadi isigande kidoleni, ndipo ukandamize kwa nguvu.

Baada ya hapo inakuja kazi ambayo mafundi wengi huiharakisha, nami nakusihi usiwaruhusu. Rangi ikibanduka juu ya fomeka, mara nyingi chanzo ni mafuta ya kupikia yaliyoganda juu yake pamoja na ule ulaini wake wenyewe, usioipa rangi mahali pa kushika. Osha kaunta kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta, suuza, iache ikauke kabisa, kisha isugue kwa msasa namba 120 na kumalizia na namba 220, ukiwa umefunika pua na mdomo. Lengo ni kuondoa mng'ao tu, si kuitoboa fomeka. Inama utazame kaunta kwa ubavu, dirisha likiwa mbele yako: kila panapong'aa bado hapajasuguliwa.

Futa vumbi lote, kisha paka praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, ile inayoshika kwenye nyuso laini. Dukani uliza ile inayofaa kwa vigae au melamini, kwa sababu praima ya ukutani haitashika. Juu yake unaweza kupaka rangi ya mafuta kwa rola ndogo ya sponji, mikono (yaani tabaka) miwili au mitatu myepesi, kila mmoja ukikauka kabla ya mwingine. Kwa jiko linalopikiwa kila siku, mimi ningejibana ninunue epoksi ya kopo mbili, yaani rangi inayochanganywa na kigandishi chake kabla ya kupakwa, kwa kuwa ni ngumu zaidi na hustahimili maji vizuri. Ipime sawasawa na maelekezo ya kopo, uchanganye kidogo kidogo, maana huanza kuganda upesi. Kwa unyevu wa Tanga, usiifanye kazi hiyo wakati wa masika, kwani epoksi ikipata unyevu kabla ya kukauka huweza kufanya ukungu mweupe.

Anza na sehemu iliyojificha. Ikishakauka kwa siku chache, ichanje kwa wembe mistari inayokatana, bandika selotepu, uivute kwa ghafla. Rangi ikitoka nayo, rudia msasa kabla ya kuendelea na kaunta nzima.

Stika za plastiki za kubandika badala ya rangi ni rahisi, lakini karibu na sinki na jiko sizipendekezi, kwa sababu maji hupenya kwenye maungio na joto huzikunja.

Rangi ikikauka kwa kuguswa haijawa ngumu bado. Ipe angalau siku tatu bila kuweka kitu, na kwa takriban mwezi mmoja usiiachie kitambaa kibichi wala kuisugua kwa steliwaya. Ziba upya kiungo cha sinki kwa silikoni, katia mboga kwenye kibao, na sufuria ya moto isiguse kaunta kamwe, iwe umepaka rangi ya mafuta au epoksi. Kama jiko lako la gesi hukaa juu ya kaunta hiyo, liwekee kipande cha kigae chini yake.