Nipa, chang'aa na waragi: marufuku za majirani zilivyokwenda

Mkuu, umeuliza kwa nini nipa, pombe kali inayokenekwa kutokana na mabibo (matunda ya mkorosho), inakamatwa Newala na Tandahimba wakati Kenya wameruhusu chang'aa, pombe kali ya kienyeji ya kwao, na kama ruhusa hiyo ingetufaa huku kusini mwa Tanzania. Lazima turudi nyuma kidogo.

Tarehe 10 Septemba 1919, mataifa yenye makoloni yalisaini mkataba huko Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa. Ulikataza kukeneka (kuchemsha na kukusanya mvuke wake) pombe kali ya aina yoyote karibu Afrika nzima, hata kuingiza au kumiliki mtambo wa kukenekea. Pombe ya kuchacha tu haikuguswa na katazo hilo. Tofauti hiyo ipo mpaka leo: uraka, yaani juisi ya mabibo iliyochacha tu, unahesabiwa kivyake na nipa kivyake, ingawa bibo ni lile lile.

Ng'ambo ya Ruvuma nia ya biashara nyuma ya marufuku ilijionyesha waziwazi zaidi. Mwaka 1902 Ureno ilipiga marufuku pombe kali ya miwa kusini mwa Msumbiji, na mvinyo kutoka Ureno ukapata soko kwa wachimba migodi waliorudi na mishahara yao. Afya ya mnywaji haikuwa hoja kuu.

Baada ya uhuru kila nchi ilishika njia yake. Uganda, kwa sheria ya enguli (pombe kali ya kienyeji ya huko) ya miaka ya 1960, ilimtaka mpikaji awe na leseni na auze kwa kiwanda, kiwanda kikeneke upya na kupima kabla ya kujaza chupa. Hapo ndipo ilipotoka Uganda Waragi. Wapikaji wengi walibaki nje ya utaratibu huo na kuuza mtaani. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Moshi Na. 62 ya 1966, moshi hapa ikiwa ni gongo, yaani pombe kali ya kienyeji, nipa ikiwemo; na kesi nyingi za gongo ni za kukutwa nayo. Kenya ilikataza chang'aa kabisa mwaka 1980, ikaifuta sheria hiyo mwaka 2010. Ruhusa ilikuja na masharti: leseni, chupa isiyopungua mililita 250, na baa kufunguliwa saa 11 jioni siku za kazi.

Sasa vifo. Novemba 2000, chang'aa ikiwa bado marufuku, pombe yenye methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, iliua zaidi ya watu 100 Nairobi. Mei 2014, miaka minne baada ya ruhusa, methanoli ikaua tena zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa, Embu ikiwemo. Kwa hiyo kuandika ruhusa kwenye karatasi hakutoshi kama hakuna anayepima kilichomo ndani ya chupa.

Hapa watu wanachanganya mambo. Bibo lina pektini, utomvu wa asili wa matunda, na likichacha hutoa methanoli kidogo. Kinachoua watu kwa makumi ni methanoli ya viwandani inayoongezwa ili pombe iwe kali kwa bei rahisi. Kumwaga mkondo wa kwanza, ile pombe inayotoka mwanzo kwenye mtambo, hakuiondoi yote: methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na pombe yenyewe kwenye 78, lakini zikiwa pamoja hutoka zimechanganyika. Kuwasha kiberiti kuangalia rangi ya moto pia si kipimo. Hatari nyingine ni kupoza mvuke kwa bomba la rejeta ya gari lililolehemiwa kwa madini ya risasi, kwa sababu risasi hiyo huingia kwenye kinywaji.

Mtu akinywa kisha, baada ya kupita saa 12 hadi 24, akaona ukungu machoni, akatapika na kuhema haraka, mpelekeni hospitali usiku huo huo, na mseme wazi amekunywa nini. Dawa ipo, ila inasaidia kabla macho na ubongo havijaharibika. Kumwacha "alale zitoke" ndiko kunakopofusha.

Kwa huku kwetu mimi naunga mkono njia ya Uganda, ila isogezwe hadi kijijini. Mabibo huanguka kwa wingi kuanzia Oktoba na juisi huanza kuchacha ndani ya siku moja, kwa hiyo kiwanda kilichoko mjini hakitaipata ikiwa salama. Kituo cha kukusanyia kiwe kwenye chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kipokee juisi asubuhi, kichuje na kupasha moto palepale. Ya mvinyo ipelekwe kwenye matangi safi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wameshafanya kazi ya juisi na mvinyo wa mabibo, utaalamu upo. Kochoko, yaani mabibo yaliyokaushwa, nayo yanunuliwe kwa bei inayoeleweka, maana ndiyo yanayoendesha mitambo ya porini msimu ukishapita. Mama anayeishi kwa nipa hataacha kwa kuchomewa kochoko lake kama hana mnunuzi mwingine.