Usimkemee mtoto kwa sababu ya udenda

Dada, tafadhali usiianze hiyo adhabu ya kumnyang'anya mtoto rangi zake kila kidevu kinapolowa. Umeandika kwamba umeshauriwa umkemee mwanao wa miaka 7, mwenye mtindio wa ubongo (hali ya ubongo inayofanya misuli isitawalike vizuri), mpaka ajirekebishe, na ukauliza pia kuhusu dawa na bibu za shuleni. Mimi naanzia kwenye suala la kukemea, kwa sababu hapo ndipo binti yangu, mwenye hali hiyo hiyo, alipoumizwa.

Mshauri tuliyemlipa alitwambia kwamba mtoto ni mzembe tu, na mpaka leo nina hasira naye. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hawatoi mate mengi kuliko wenzao. Shida ni kwamba midomo haifungi vizuri, ulimi na koo haviendi pamoja, na mtoto hamezi kwa wakati, pengine hata hahisi kwamba kidevu kimelowa. Sasa anaadhibiwa kwa kosa gani? Kila alipoambiwa "Funga mdomo!", binti yangu alificha kidevu ndani ya kola ya sweta, na kichwa kikiinama mate hutiririkia mbele zaidi, hivyo kemeo lilileta udenda na udenda ukaleta kemeo jingine. Hatimaye akaacha kuzungumza mbele ya wageni, na hilo ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote kurekebika.

Sifa itolewe kidevu kikiwa kikavu. Hiyo ndiyo kanuni yangu. Mtazame kwanza anapochora, ujue hukaa muda gani kabla ya kulowa. Ikiwa ni kama dakika 5, mwendee kwenye dakika ya 3, mguse bega, umwambie "meza, kausha". Ameze, kisha mwenyewe abonyeze kitambaa kidevuni bila kusugua, kwa kuwa kusugua huweza kuchochea mate. Msifu papo hapo kwa kutaja alichofanya: "Umemeza vizuri, kidevu kikavu!" Akizoea, refusha muda kidogo kidogo mpaka ajikumbushe mwenyewe. Akilowa, mpe kitambaa bila maneno.

Aketi wima, miguu ikikanyaga mahali imara, maana mtoto anayehangaika kushikilia kichwa hana nafasi ya kukumbuka kumeza. Njia hii humfaa anayeelewa maelekezo mepesi. Akiwa hupaliwa au kukohoa anapomeza, aonwe na daktari kwanza. Mwalimu naye apewe maneno hayo hayo mawili, "meza, kausha", na ayaseme kwa sauti ya chini karibu na dawati lake, si mbele ya darasa zima.