Kusoma Lugha ya Sheria katika Nyaraka za Paulo

Ninyi mnaoanza masomo ya Agano Jipya, mkikutana na mrithi, wosia au hati ya deni katika nyaraka hizi, msikimbilie fundisho kabla ya kujiuliza ni sheria ya nani inayozungumzwa, kwa maana wasikilizaji wa kwanza waliishi chini ya dola ya Kirumi huku wakishika pia desturi za Kiyunani, za Kiyahudi na za miji yao.

Wagalatia 4 ndiyo sura ya kujipimia. Paulo anamtaja mrithi ambaye, akiwa bado mtoto, hapishani na mtumwa, naye yuko chini ya walezi na mawakili hadi wakati uliowekwa na baba. Wengi huandika papo hapo kwamba hii ni sheria ya Kirumi. Lakini katika sheria hiyo ulezi wa mtoto wa kiume ulikoma alipobalehe, wala baba hakujipangia tarehe. Mstari wa 5 unapofika kwenye kufanywa wana, Roma inaonekana zaidi, kwani hata mtu mzima aliweza kuasiliwa, akaingia chini ya mamlaka ya baba mpya na kumrithi, kama Tiberio alivyoasiliwa na Kaisari Augusto mwaka 4 BK. Tena mwanasheria Gaius, katika karne ya 2, anaeleza kwamba Wagalatia nao waliamini watoto wamo katika mamlaka ya baba. Ushahidi huo, ambao wanafunzi wengi huupita, kwangu una uzito kuliko nadharia nyingi.

Kwa Wakolosai 2:14, panaposemwa kwamba hati ya deni ilifutwa na kupigiliwa msalabani, someni kwanza mafunjo ya Misri, yaani maandishi ya kale kwenye karatasi za matete, ambamo zimo hati zilizoandikwa kwa mkono wa mdaiwa na kukatwa kwa mistari baada ya deni kulipwa. Habari ya kupigilia hati msalabani msiitafutie desturi ya mahakama. Hapo mwandishi ameuacha mfano na kumtazama Yesu mwenyewe.

Waraka kwa Filemoni ni jambo jingine kabisa. Wahubiri hupenda kuugeuza kuwa picha ya Kristo akilipia dhambi, ilhali Paulo anaandika kwa mkono wake kwamba atalipa hasara yoyote iliyosababishwa na Onesimo, mtumwa wa Filemoni, nayo ni dhamana halisi ya mali kwa mdai anayetajwa jina, ingawa katika mstari uo huo anamkumbusha Filemoni kwamba yeye naye anadaiwa, hata nafsi yake.