Modemu Nyuma ya Paneli: Ushauri wa Fundi kwa Wenye Mitambo Iliyounganishwa na Mtandao

Kwa miaka 14 nimekuwa fundi wa mifumo ya udhibiti kwenye mitambo ya kusafisha na kusukuma maji, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikujiona kuwa mtu anayehusika na usalama wa mtandao. Hayo niliyaona kuwa mambo ya vijana wa TEHAMA, wale wa ofisini wenye kompyuta za barua pepe. Sisi tulikuwa na pampu, valvu, vipimo vya klorini na paneli zenye PLC, yaani kile kikompyuta kinachosoma kina cha maji tangini na kuamua pampu ipi iwake na ipi izime. Usiku mmoja wa kiangazi ulinitoa katika mawazo hayo.

Saa nane usiku opereta wa zamu alinipigia simu akisema kwamba pampu mbili zimezima zenyewe na tangi la mlimani linashuka. Nilidhani ni umeme. Nilipofika nilikuta umeme upo, starta ni nzima na mota hazijapata joto, lakini kwenye skrini ya chumba cha udhibiti kina cha kuzimia pampu, ambacho siku zote ni mita 4.2, kilikuwa kimeandikwa mita 1.5. Opereta aliapa kwamba hakugusa kitu, nami nakiri kwamba sikumwamini. Nilirudisha namba, pampu zikawaka, na baada ya dakika kama 20 namba ikabadilika tena mbele ya macho yetu wawili, huku kibodi ikiwa mezani haijaguswa na mtu. Ilibidi nimwombe radhi palepale.

Chanzo tulikipata siku tatu baadaye. Chini kabisa nyuma ya paneli, kwenye vumbi na utando wa buibui, palikuwa na modemu ndogo yenye laini ya simu, imefungwa kwa vibanio vya plastiki, taa yake ya kijani ikimetameta. Mkandarasi aliyefunga mtambo alikuwa ameiacha miaka 6 nyuma ili aweze kutusaidia akiwa mbali, na muda wote huo aliendelea kuilipia bando. Usiku ule fundi wake mmoja alikuwa akirekebisha programu ya mteja mwingine, akakosea anwani kwenye orodha yake, akaingia kwetu bila kuulizwa neno la siri. Hakuwa mhalifu, alikuwa mtu mwenye usingizi. Nilichojiuliza tangu siku hiyo ni kwamba, ikiwa mtu ameweza kutuzimia pampu kwa bahati mbaya, aliyekusudia angezuiwa na nini?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhitaji bajeti. Kabla ya kumsikiliza muuzaji yeyote wa vifaa vya ulinzi, chukua daftari na tochi, fungua kila paneli, ufuate kila waya wa mtandao kwa mkono mpaka uone unakoishia. Usitegemee michoro, kwa maana michoro huonyesha mtambo ulivyokuwa siku ya kukabidhiwa, na tangu hapo watu wameongeza mengi kwa nia njema. Sisi katika kituo kimoja tu tulikuta njia nne za kuingilia ambazo hazikuandikwa popote: modemu ile, ruta ya Wi-Fi iliyofungwa na fundi aliyechoka kupanda ngazi, programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, na waya uliounganisha mtandao wa mitambo na ule wa ofisi ili mhasibu aone usomaji wa mita. Kila njia ilifunguliwa ili kurahisisha kazi ya mtu fulani, na hakuna aliyerudi kuifunga.

Hatari ya njia hizo inatokana na asili ya vifaa vyenyewe. Modbus, lugha ambayo PLC nyingi bado zinaongea, ilibuniwa mwaka 1979, wakati ambapo aliyetaka kuiamrisha mashine alipaswa kuwa amesimama ndani ya kiwanda. Haina utaratibu wa kuuliza anayetoa amri ni nani. Ukiiambia pampu izime, inazima. Ukichukua kifaa kinachotii namna hiyo ukakipa anwani ya wazi kwenye intaneti, wapo watu ambao kazi yao ni kupekua anwani kama hizo usiku na mchana, nao watakiona. Mwezi Novemba 2023, mamlaka ya maji ya Aliquippa, mji mdogo wa Pennsylvania nchini Marekani, iliingiliwa kupitia PLC ya kampuni ya Unitronics kwenye kituo cha kuongeza msukumo wa maji. Vifaa vya aina hiyo vilikuwa vikitoka kiwandani na neno la siri la tarakimu nne, 1111, na wengi walivifunga bila kulibadilisha. Mafundi wa Aliquippa walihamia kwenye uendeshaji wa mkono na maji yakaendelea kutoka.

Hatukumkatia mkandarasi msaada wa mbali, kwa sababu kituo hakiwezi kuishi bila yeye. Tuliihamishia modemu yake kwenye soketi yenye swichi, ndani ya kisanduku chenye kufuli. Akitaka kuingia hupiga simu, opereta huandika jina lake na sababu kwenye kitabu cha zamu, huwasha, na kazi ikiisha huzima. Tuliziba pia njia ya mhasibu kwa fayawoli, yaani kizuizi cha mtandao, inayoruhusu usomaji utoke mitamboni kwenda ofisini bila kuruhusu amri kurudi. Alinung'unika wiki mbili, akazoea.

Suala la flashi na simu linahitaji busara zaidi kuliko amri. Virusi vya Stuxnet, vilivyogunduliwa mwaka 2010 baada ya kuharibu mashinepewa, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa, za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, vilikuwa na uwezo wa kusambaa kwa flashi, kwa hiyo kusema kwamba mtambo wako hauna intaneti si kinga. Hata hivyo, tulipobandika karatasi ya marufuku kwenye kompyuta ya chumba cha udhibiti, maopereta waliendelea kuchaji simu zao humo, na usiku wa mechi mmoja wao aliigeuza simu kuwa chanzo cha intaneti ili aangalie mpira kwenye skrini kubwa. Tulinunua ekstensheni yenye matundu ya kuchajia tukaiweka mezani, kisha tukaziba matundu ya USB ya kompyuta. Tatizo la kuchaji liliisha siku hiyohiyo. La mpira bado tunalijadili.

Jambo lingine dogo ni ufunguo. PLC nyingi zina swichi ya ufunguo yenye nafasi ya kuendesha na nafasi ya kupokea programu mpya, na mafundi huiacha kwenye nafasi ya pili ili wasirudi tena kwenye paneli. Mwaka 2017, kwenye kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia, washambuliaji waliingiza programu yao ndani ya vidhibiti vya usalama vya Triconex, vile ambavyo kazi yake ni kuzima mtambo kabla haujalipuka, na swichi ilikuwa imeachwa kwenye nafasi hiyo. Geuza ufunguo, uutoe, umkabidhi msimamizi wa zamu. Na programu ya kila PLC iwe na nakala rudufu nje ya kompyuta inayotumika kuiandikia, nakala ambayo umewahi kujaribu kuirejesha.

Mwisho kuna uendeshaji wa mkono, ambao naona unapewa uzito mdogo kuliko unavyostahili. Tarehe 23 Desemba 2015, maopereta wa kampuni za umeme nchini Ukraine waliona kishale cha kipanya kikitembea chenyewe kwenye skrini na kuzima swichi za vituo, na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme. Ulirudi ndani ya saa chache kwa sababu mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni na kuwasha swichi kwa mikono yao. Nilijiuliza kama sisi tungeweza, nikaomba tufanye zoezi siku ya Jumapili asubuhi. Pampu ya kwanza na ya pili ziliitika vizuri. Ya tatu haikuwaka hata tulipozungusha swichi mara kumi, na tulipofungua paneli tulikuta waya wa kuwashia kwa mkono umekatwa zamani, ncha yake imefungwa kwa tepu nyeusi iliyokwisha kukauka, na hapakuwa na fundi hata mmoja kati yetu aliyekumbuka ulikatwa lini wala kwa nini.