Bei hii aliitaja nani mara ya mwisho? Namna nilivyopanga upya vigezo vya hisa za muda mfupi

Neno kwenye programu yangu ya hisa lilikuwa la kijani, kwa herufi kubwa: NUNUA. Pembeni yake alama 9 kati ya 10, na juu yake maneno "muda mfupi". Nilikuwa barazani nyumbani, Ngamiani hapa Tanga, kompyuta mapajani, na sikuuliza swali jingine. Asubuhi yake nikampigia dalali wangu wa hisa Dar es Salaam, nikaweka oda ya shilingi 1,200,000. Nia ilikuwa kukaa nazo wiki mbili tatu, zipande kidogo, nitoke.

Nilitoka baada ya miezi minne. Bei haikuanguka. Ingeanguka ningeelewa. Bei ilikaa palepale, oda yangu ya kuuza nayo ikakaa palepale, na kila nikiuliza naambiwa, "Dada, wanunuzi hakuna." Muda wote huo programu iliendelea kunionyesha 9 ya kijani, kana kwamba kuna jambo zuri linaendelea.

Nikaenda kumlalamikia mjomba wangu, ambaye amekuwa akinadi samaki soko la Deep Sea tangu mimi sijaanza shule. Hisa hajui, na hataki kujua. Lakini kuuza kitu ambacho kesho hakitakuwa na thamani ya leo anakujua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hiyo bei unayoitaja, aliitaja nani mara ya mwisho? Na lini?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani nikafungua taarifa za kila siku za soko, nikazirudia moja moja. Kabla ya mimi kununua, zilikuwa zimepita siku 23 za soko bila hisa hiyo kubadilisha bei, na nyingi ya siku hizo haikuuzwa hata hisa moja. Aliyeniuzia alikuwa akingoja mtu kama mimi.

Tangu siku hiyo nimetumia jioni nyingi kupanga upya vigezo vya programu yangu, na ninaandika haya kwa sababu naona vijana wengi hapa Tanga wameingia sokoni kupitia simu, wanaamini ile alama kama nilivyoiamini mimi.

Tuanze na kilichoifanya programu ikosee, maana usipokijua hicho utabadilisha namba kwa kubahatisha. Programu nyingi za hisa huja na vigezo vilivyokwisha kupangwa, na vimepangwa kwa masoko kama New York, ambako hisa ya kampuni kubwa inabadilishana mikono kila sekunde. Soko letu la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja, TOL ya gesi. Limekua sana tangu hapo, lakini bado zipo kampuni ambazo hisa zake zinaweza kumaliza siku kadhaa bila muamala. Siku isiyo na muamala, taarifa inarudia bei ya kufunga ya mwisho, yaani bei iliyofungia siku ya mwisho yenye muamala. Programu haijui kwamba namba hiyo ni ya zamani. Inaiona kama bei mpya ambayo imekubaliwa leo.

Chukua kipimo kinachoitwa RSI, ambacho karibu kila programu inacho. Alikibuni Mmarekani J. Welles Wilder, akakichapisha mwaka 1978. Kinachukua wastani wa kupanda kwa bei kwa vipindi 14, kinaugawa kwa wastani wa kushuka, kisha kinageuza jibu kuwa namba kati ya 0 na 100. Kila siku mpya, wastani wa jana unazidishwa kwa 13, linaongezwa badiliko la leo, halafu jumla inagawanywa kwa 14.

Sasa tuseme wastani wa kupanda ni shilingi 2.8 na wa kushuka ni 0.8. Ukigawa unapata 3.5, na RSI inakuwa karibu 78. Kesho hakuna aliyeuza wala kununua. Wastani wa kupanda unapungua na kuwa 2.6, wa kushuka unapungua na kuwa karibu 0.74. Gawa tena: ni 3.5 ileile, RSI 78 ileile. Kesho kutwa hivyo hivyo. Zote mbili zinapungua kwa kiwango kimoja, kwa hiyo namba inaganda. Hisa inaweza kulala mwezi mzima, na kipimo kikaendelea kusema nguvu ya bei ni 78. Programu yangu ilikuwa inahesabu chochote kilichozidi 60 kuwa nguvu, inatoa alama. Hapo ndipo ile 9 ilipotoka. Nilipoligundua hili nilishika kalamu nikakokotoa mara tatu, maana sikuamini.

Kwa hiyo badiliko la kwanza, na kama utafanya moja tu basi fanya hili, ni kuweka lango. Sisemi kigezo chenye uzito mkubwa, nasema lango. Ukiufanya ukwasi, yaani wepesi wa hisa kuuzika, kuwa kigezo kimoja kati ya kumi, hisa isiyouzika itapata sifuri hapo, halafu itafidia kwa alama za vigezo vingine na kupanda juu ya orodha. Lango halifidiwi. Asiyepita hapimwi kabisa.

Lango langu lina masharti mawili. La kwanza, hisa iwe imeuzwa walau siku 15 kati ya siku 20 za soko zilizopita. La pili linahusu thamani ya mauzo ya siku, na hapa naomba utulie nami kidogo kwa sababu ndipo nilipojikwaa mara ya pili. Nilianza kwa kutumia wastani. Hisa moja ikapita kwa kishindo: wastani wa mauzo zaidi ya milioni 20 kwa siku! Nilipochungulia ndani, siku 19 zilikuwa za laki tatu tatu hivi, na siku moja kulikuwa na muamala wa milioni 400, wa wale wakubwa wanaokubaliana wenyewe pembeni kisha wanausajili sokoni. Jumla ni milioni 405.7, ukigawa kwa 20 unapata milioni 20.3. Lakini mimi siku ya kuuza nitakutana na soko la laki tatu. Nikaacha wastani, nikachukua thamani ya katikati: zipange siku 20 kutoka ndogo hadi kubwa, tazama iliyo katikati. Hapo ukweli ukajitokeza, laki tatu. Sharti langu sasa ni kwamba fedha ninayotaka kuweka isizidi moja ya kumi ya thamani hiyo ya katikati. Ukiwa na milioni moja, tafuta hisa ambayo siku ya kawaida inauza milioni kumi au zaidi. Orodha itakuwa fupi. Utaona majina kama ya benki za CRDB na NMB yanajirudia, na hilo lisikuchoshe.

Kitu cha pili ni gharama, ambazo vigezo vya wenzetu wa nje havizijali kwa sababu kwao kamisheni imekuwa ndogo mno, mahali pengine hakuna kabisa. Kwetu kuna kamisheni ya dalali na kodi yake, na tozo za soko, za msimamizi na za hifadhi ya hisa. Kwenye karatasi zangu za mauzo madogo jumla inazidi asilimia 2 nikinunua, na inazidi tena asilimia 2 nikiuza. Kokotoa na karatasi yako mwenyewe. Mimi hutumia 2.3 ili niwe upande wa tahadhari: hisa 1,000 kwa shilingi 500 zinanigharimu 511,500. Ili fedha hiyo irudi mkononi baada ya makato ya kuuza, lazima niziuze kwa karibu 523,500. Yaani bei ipande karibu asilimia 4.7 ndipo nianze kuhesabu faida ya shilingi moja.

Namba hiyo ilibadilisha maana yangu ya muda mfupi. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini katika hisa zetu anayekuja leo na kuondoka leo anamfanyia kazi dalali. Nilifuta vipimo vyote vya dakika na vya saa, nikaacha vya siku na vya wiki, na nikaweka sharti kwamba hisa iwe imeonyesha uwezo wa kutembea zaidi ya asilimia 5 ndani ya wiki sita, angalau mara tatu katika miaka miwili iliyopita. Kama haina historia ya kutembea hivyo, grafu nzuri haitanisaidia kitu. Kumbuka pia kwamba malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya muamala, kwa hiyo fedha ya ada ya mtoto ya Jumatatu usiiweke humo.

Baada ya hapo nikaingia kwenye orodha ya viashirio. Programu ilikuwa na zaidi ya ishirini, na mwanzoni nilidhani wingi ni usalama. Lakini tazama vinakula nini. Wastani wa siku 10, wa siku 20, wa siku 50, MACD (tofauti ya wastani mbili za bei), RSI: vyote vinatokana na kitu kimoja, bei ya kufunga. Ni shahidi mmoja anayeingia mahakamani mara tano, kila mara na kanzu nyingine. Bei ikipanda siku nne mfululizo, vyote vinapiga makofi pamoja na alama inafika 9. Nikafuta vingi, nikabakiza vitatu vinavyotazama mambo tofauti: bei ya leo iko wapi ukilinganisha na wastani wa siku 20, mauzo ya wiki hii yamezidi thamani ya katikati kwa kiasi gani, na pengo kati ya bei ya wanaotaka kununua na bei ya wanaotaka kuuza. Cha kwanza nimekipa uzito wa 35, cha pili 40, cha tatu 25. Wewe unaweza kupanga vingine. Ila zile siku 20 za wastani nimeziagiza zihesabiwe kwa siku zilizouzwa tu, ili bei ya jana isijirudie mara nne na kujifanya nne.

Pengo la bei nalipenda zaidi kuliko nilivyotarajia. Mnunuzi akisema 480 na muuzaji akisema 520, ukinunua na kujuta dakika hiyohiyo umeshapoteza karibu asilimia 8 kabla ya makato. Mjomba alipolisikia alicheka, akasema hata nguru ana pengo siku ya bamvua wavuvi wanaporudi na samaki wengi.

Gawio, ile sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa, nalo huichanganya programu. Kampuni ikishafunga daftari la wanahisa, anayenunua baada ya hapo hapati gawio, hivyo ni kawaida bei kushuka. Hisa ya shilingi 600 yenye gawio la 50 ikishuka hadi 550, hiyo ni asilimia 8.3, na programu inapiga kelele UZA. Hakuna kilichoharibika. Kama programu yako inaruhusu bei zilizorekebishwa kwa gawio, iwashe. Yangu hairuhusu, basi nimeandika tarehe hizo kwa mkono na kuzima alama ya hisa husika kwa siku 20 za soko.

Kagua pia data yenyewe. Niliwahi kukuta siku ambayo bei ya kufunga imeandikwa 0 kwa sababu hakukuwa na muamala. Programu ikadhani kampuni imekufa na kufufuka kesho yake, na vipimo vyote vya wiki tatu zilizofuata vikawa uongo. Tangu hapo kila Ijumaa jioni nalinganisha na taarifa ya soko, hisa baada ya hisa. Ni dakika ishirini.

Kuna jambo ambalo hakuna kigezo kitakachokusaidia nalo, na sisi wa Tanga tunalo karibu. Kiwanda cha saruji cha Pongwe ni chetu kwa mapenzi. Kampuni yake, Tanga Cement, iliingia soko la hisa mwaka 2002, na wapo watu wazima hapa mjini walionunua wakati huo na hawajauza mpaka leo. Mwaka 2021 ikatangazwa kwamba kampuni ya Scancem inataka kununua hisa za mwanahisa mkubwa, AfriSam. Mwaka 2022 suala likafika Baraza la Ushindani, likazuiwa, na mauziano yakaja kukamilika mwaka 2023. Katika kipindi kama hicho mambo yanaamuliwa kwenye meza za wanasheria. Wastani wa siku 20 haujui tarehe ya hukumu. Na kuona malori yamejaa saruji barabarani kunakueleza kampuni inauza, hakukuelezi bei ya hisa wiki sita zijazo. Kwa hiyo nimeweka alama ya kusimamisha: kampuni yenye kesi, ununuzi au hisa mpya zinazotolewa haipimwi kwa muda mfupi, hata niwe naipenda vipi.

Ukishapanga vigezo vyako, vijaribu kwa data ya zamani kabla ya fedha, na gawa data hiyo mara mbili. Mimi nilibadilisha siku 20 kuwa 17 kwa sababu 17 ilitoa faida nzuri kwenye hisa moja niliyokuwa naichezea. Nilipoipeleka kwenye miaka ambayo sikuitazama, faida yote ikayeyuka. Nilikuwa nimeifundisha programu kukariri majibu. Nimerudi kwenye 20, na nusu ya pili ya data siifungui mpaka nimemaliza kupanga.

Vigezo hivi vikali vina matokeo ambayo lazima uyakubali mapema: wiki nyingi orodha inatoka tupu. Mwanzo nilishawishika kulegeza lango ili nione angalau jina moja. Siku hizi fedha hiyo inakaa kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, inaendelea kukua taratibu, na Ijumaa inayofuata nafungua tena. Ijumaa iliyopita zilipita mbili. Moja ilikuwa na pengo la asilimia 6 kati ya mnunuzi na muuzaji, nikaiacha. Ya pili nimeweka oda, na kwenye daftari nimeandika bei yake ilitajwa mara ya mwisho lini na kwa hisa ngapi.