Mshipa, neva na miguu inayowaka moto

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, Morogoro. Tunaandaa kipeperushi cha wagonjwa wa kisukari kutokana na makala ya utafiti. Nimeandika: «Mishipa iliyoharibika husababisha maumivu na matatizo ya kisaikolojia.» Mwenzangu anasema nifute «mishipa» niweke «neva», kwa kuwa mishipa ni ya damu. Nani yuko sahihi? Na hayo «matatizo ya kisaikolojia» yataeleweka?

Jibu: Mwenzako anashauri vizuri, ila sababu yake siikubali. Mshipa haujawahi kuwa wa damu peke yake. Mtu wa pwani akikuambia fulani ana mshipa, mara nyingi anasema ngiri au busha. Muuza nyama akikupimia kipande kisichotafunika, unamlalamikia kwamba amekupa mishipa mitupu, na hapo unasema kano. Wanaogombana mishipa ya shingo huwasimama, hiyo ndiyo ya damu. Na asiyeona haya tunasema amekatika mshipa wa aibu. Huo ni mshipa unaohisi. Chochote kirefu na chembamba kinachopita mwilini kama kamba, Kiswahili kimekiita mshipa.

Lugha nyingine nazo zimepita njia hiyohiyo. Kwa Wagiriki wa kale, neno *neuron*, ambalo ndilo asili ya istilahi hizi zote za neva, lilikuwa kano, hata upote wa upinde. Ni katika karne ya 3 KK, huko Alexandria, ndipo tabibu Herophilus na wenzake walipopasua miili na kuanza kutenganisha kano na nyuzi zinazopeleka hisia na mwendo.

Kasoro ya sentensi yako ni kwamba umeuacha mshipa peke yake. Kisukari huharibu mishipa ya damu na huharibu neva pia. Msomaji wako atajuaje unasema ipi? Kwa hiyo andika «neva», na mara ya kwanza uifafanue: «neva, yaani mishipa ya fahamu». Baada ya hapo neva inajitosheleza. Iweke katika ngeli ya I-ZI: neva imebanwa, neva zimebanwa. «Maneva» sijaona haja yake.

Kwa nini nisikuambie ubaki na «mishipa ya fahamu» tu, ilhali hospitali zetu ndilo jina zinalotumia? Kwa sababu ya neno fahamu. Shangazi yangu aliishi na kisukari miaka mingi, nyayo zikaanza kumwaka moto usiku hata shuka hakutaka limguse. Kliniki moja ikamwambia kwa kifupi: «Una ugonjwa wa fahamu.» Alirudi nyumbani kimya. Jioni akamwita binti yake, akamuuliza taratibu kama kuna siku amewahi kumsikia akiropoka. Mama wa watu alielewa ameambiwa akili inamtoka! Tunasema kupoteza fahamu, kurudiwa na fahamu. Fahamu kwetu iko kichwani, haiko kwenye nyayo. Kwa neno moja la haraka mgonjwa wa miguu alilala na hofu ya wazimu, na hilo bado linaniuma.

Mchanganyiko huo wa neva na akili una historia hata katika tiba ya Ulaya. Mwaka 1769 daktari wa Scotland, William Cullen, alibuni neno *neurosis* kwa magonjwa aliyoyahesabu kuwa ya neva, na baadaye likahamia kwenye wasiwasi na hofu za moyoni. Waganga wa akili wa Marekani waliliondoa kama kundi rasmi la magonjwa mwaka 1980. Tusianze sisi leo kufunga fundo ambalo wenzetu walilifungua kwa taabu.

Sasa «maumivu». Neno si kosa, lakini kwa kipeperushi hiki ni jepesi mno. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitoa dodoso la kupimia maumivu lenye maneno 78 katika makundi 20. Alijua kwamba kumuuliza mgonjwa «unaumwa kiasi gani?» hakutoshi, kwa sababu namna mtu anavyoyataja maumivu humpa daktari dalili ya chanzo chake.

Na Kiswahili kina hazina kubwa hapa, iliyo zaidi katika vitenzi kuliko majina. Tumbo husokota, au hukata. Kichwa huwanga. Jipu huvuta, hupwita. Mguu huchoma, huwaka, hufa ganzi. Sikiliza pia nani mtendaji: jino *linaniuma*, yaani lenyewe ndilo linaning'ata. Ukijikwaa kidole cha mguu kwenye kizingiti gizani, kwanza unachomwa, halafu, kama sekunde moja hivi, yanafuata maumivu ya kufukuta. Nyuzi za neva zinazoleta mchomo ule wa kwanza hukimbia mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zile za maumivu ya pili hazizidi mita 2. Mwili umetuma habari mbili, na lugha inavyo vitenzi viwili vya kuzipokea. «Maumivu» ingezifanya moja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni pilipili. Tunasema pilipili inawasha, kitenzi kilekile cha kuwasha moto. Mwaka 1997 David Julius na wenzake, California, walikipata kipokezi kwenye neva kinachoamshwa na kiini cha ukali wa pilipili, wakaona kipokezi hichohicho huamshwa na joto linalofikia nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Kwa neva, pilipili na moto vinapiga hodi mlango mmoja. Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

La mwisho, «matatizo ya kisaikolojia». Lifute. Halimwambii mgonjwa lolote analoweza kulitambua kwake mwenyewe. Kama makala yako inazungumzia huzuni nzito isiyoondoka, Tanzania tunayo sonona (Kenya utasikia zaidi unyogovu au mfadhaiko). Sonona inafaa kwa namna ya pekee, kwa sababu kusononeka ni kuumia ndani kwa ndani, muda mrefu. Usiogope pia kuongeza lugha ya nyumbani: kukosa usingizi, kuwa na mawazo mengi, kutopenda tena kitu ulichokuwa ukikipenda.

Mimi ningeandika hivi: «Sukari ikibaki juu kwa muda mrefu huharibu neva, yaani mishipa ya fahamu, hasa za miguuni. Huu si ugonjwa wa akili. Nyayo huweza kuwaka moto, kuchoma kama sindano, au kufa ganzi hata usisikie jiwe ndani ya kiatu. Anayeishi na hali hiyo muda mrefu anaweza kupata sonona: akakosa usingizi, akakosa raha. Mwambie muuguzi yote mawili, ya miguu na ya moyo.»