K1000 au AE-1? Kwanza nionyeshe ulivyoweka filamu

Wiki hii tena mdogo wangu mmoja kaniletea mkanda mtupu wa filamu. Umesafishwa, umetoka angavu mwanzo hadi mwisho, na kabla hajakaa vizuri ameshauliza: "Kaka, au ningechukua AE-1?" Yeye ana K1000, na zote mbili ni kamera za filamu. Aliyemtangulia alikuwa na AE-1, naye akauliza kama angechukua K1000. Nawapenda nyote, lakini swali hili limenichosha, kwa hiyo nalijibu mara moja.

1. Tofauti kubwa ni betri. Pentax K1000 na Canon AE-1 zote zilitoka mwaka 1976, zote zinafika kasi ya 1/1000 ya sekunde, zote zinapiga flashi kwa 1/60. Ila shata ya K1000, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, inaendeshwa na springi na gia tupu. Betri ikifa, kinachokufa ni sindano ya mita ya kupimia mwanga tu, na wewe unaendelea kupiga kwa kukadiria mwanga. AE-1 ikikosa betri yake ya volti 6, unabonyeza na hakuna kinachotokea. Kwa upande wake, ukiiweka lenzi kwenye alama ya A, unachagua kasi nayo inakuchagulia tundu la lenzi. Anayepiga picha za watoto wanaokimbia ataishukuru. K1000 haikuchagulii chochote: unazungusha pete mpaka sindano ikae katikati, na baada ya mikanda michache mkono wako umeshajua mwanga wa saa nne na mwanga wa jioni. Ndiyo maana anayeanza namwambia achukue K1000. Lakini AE-1 nzima ni bora kuliko K1000 gonjwa, kila siku.

2. Kwa hiyo ipime afya kwanza. Piga kasi zote bila filamu, na sekunde 1 iwe sekunde 1 kweli. AE-1 inayotoa mlio mkavu kama kikohozi kila ukipiga inadai mafuta kwenye mitambo ya kioo. Fungua mgongo, gusa sponji za kuzuia mwanga. Zikinata kidoleni, zimeoza. Mulika lenzi kwa tochi utafute ukungu. Na ulizia lenzi za rafiki yako ni za aina gani, maana za FD, za Canon, hazikai kwenye K1000 wala za K, za Pentax, hazikai kwenye AE-1, na lenzi ya kuazima ina thamani kuliko ubishi wote huu.

3. Filamu ishike. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kupigwa picha. Miaka yote akiona kamera anageuza uso. Asubuhi moja akakubali, sijui nini kilimlainisha, akakaa karibu na dirisha, mikono imelala mapajani, akanitazama moja kwa moja. Nilikuwa na K1000 niliyoinunua baada ya wiki nyingi za kulinganisha kila kitu kinachoweza kulinganishwa. Nikapiga polepole. Alicheka mara moja tu, na nilikuwa tayari; nilisikia shata ikilia juu ya kile kicheko na moyo wangu ukajaa.

Kihesabio kikafika 36. Nikavuta mkono wa kupeleka filamu, ukaenda. 37. 38. 39. Nilifurahi! Nilidhani nimebahatika picha za ziada. Zilipofika 41 ndipo nikaanza kuirudisha filamu, na kile kimkono cha kurudishia kikazunguka bila uzito wowote, kama kinazungusha hewa. Nilielewa wakati uleule, ila sikukubali. Niliupeleka mkanda kusafishwa hivyohivyo. Ukarudi angavu, namba za pembeni zimechapika vizuri kabisa, moja baada ya nyingine, na katikati yake hakuna shangazi.

Unajua nilichofanya? Niliilaumu kamera. Wiki nzima nilisema shata yake mbovu, ningechukua ile nyingine. Fundi aliyesafisha mkanda ndiye aliyenionyesha ulimi wa filamu, ile ncha yake ya mwanzo: haukuwa na kunjo hata moja. Haukuwahi kuingia kwenye roli ya kupokelea. Ningekuwa na AE-1, ingenitokea vilevile.

Basi fanyeni hivi, na msinichoke. Ingiza ulimi, vuta mkono mpaka meno yashike matundu ya juu na ya chini, ndipo ufunge mgongo. Kaza filamu taratibu kwa kimkono cha kurudishia mpaka usikie ukinzani. Sasa vuta mkono wa kupeleka filamu huku macho yako yakiwa kwenye kile kimkono: lazima kizunguke. Kisipozunguka, hupigi picha. Fungua, anza upya. Unapoteza sentimita chache za filamu.

4. Weka namba ya ISO ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga, kwenye kamera kabla hujaanza, siyo picha ya kumi.

5. Kabla ya kurudisha filamu bonyeza kile kitufe cha chini ya kamera kinachoiachia, la sivyo utaichana.

6. K1000 haina swichi ya kuzima mita, kwa hiyo funika lenzi ukimaliza, betri isiishe.

Shangazi nilimrudia baada ya miezi. Nilimweleza ukweli wote, naye akanisikiliza bila kusema kitu, kisha akaenda mwenyewe kukaa pale dirishani. Hakucheka safari hii. Nilipovuta mkono mara ya kwanza aliniona nimeinamia kamera badala ya kumtazama yeye, akauliza, "Kinazunguka?" Nikamwambia kinazunguka. Picha hiyo ninayo.